Jibu la Nesi Nililolikataa

Nesi amekufa. Nimeanza hivyo kwa kuwa nikizunguka nitafika mbali, na ninyi mnaonisoma kila juma mnajua nikishaanza kuzunguka ilivyo taabu kunirudisha. Habari niliipata kibarazani kwangu hapa Dunda, mguu uko juu ya kanyagio la cherehani. Simu ilitoka kwao Fukayosi: binti ametangulia mbele ya haki alfajiri, maziko baada ya Adhuhuri. Nikaitikia innalillahi, nikauliza habari za usafiri, nikaiweka simu. Halafu nikaendelea kushona upindo wa suruali ya mtu mpaka mwisho, na mshono ukanyooka kabisa, jambo ambalo mpaka leo silielewi. Mkono ulikuwa unafanya kazi yake, masikio yanamsikia marehemu akieleza kwa Kiingereza anaishi wapi na anafanya kazi gani. Hayo ndiyo majibu mawili ya mwanzo, na maana yake alikuwa amenifundisha. Yaliyofuata sikuwa najua maana yake, lakini nayo yalikuwa yanakuja, moja baada ya jingine, kwa mpangilio wake, na sauti ni yake yeye.

Alikuwa amepanga chumba cha uani katika nyumba hiihii ninayoshonea. Binti wa watu, hajaolewa, mpole, anaamka mapema, anafanya kazi kituo cha afya, na akipita kibarazani lazima asimame atoe shikamoo yake kamili, hata kama amechelewa. Alitaka kwenda Ulaya kuuguza. Huko wanawataka manesi, lakini hawamchukui mtu mpaka afanye mtihani wa Kiingereza, wa kusema na wa kuandika, na mengine ya kusikiliza na kusoma. Mara ya kwanza alikwenda Dar akaufanya, akaanguka kwenye kuandika kwa nusu alama. Na ukianguka kimoja, unarudia vyote. Nilimwuliza walimtaka aandike nini, nikidhani wamemwuliza namna ya kufunga kidonda au kupokea mtoto anayekuja kwa miguu. Akaniambia waliwapa mchoro wa mistari inayopanda na kushuka, unaoonyesha watu wa nchi fulani wanavyotumia maji, waueleze. Kisha waandike kama ni vizuri watu kuishi mjini au shamba. Nikasema mwanangu, huyo mgonjwa wa Ulaya atakapokuwa anakata roho, atakuuliza habari za mji na shamba? Akacheka. Alikuwa akicheka anaziba mdomo kwa ncha ya mtandio.

Kwenye kuandika mimi sikuwa na msaada. Shule niliacha darasa la nne, na mkono wangu mnaouona hapa gazetini husafishwa kwanza na watu wenye subira. Lakini kwenye kusema alihitaji mtu wa kukaa mbele yake amwulize, kama watakavyomwuliza kule, na muda wake ulikuwa alasiri, akitoka kazini, saa ambayo mimi nina kazi ya vifungo tu. Basi akanunua daftari, akaniandikia maswali kwa tahajia yetu ya Kiswahili ili niweze kuyasoma, "wea du yu liv", hivyohivyo. Chini ya kila swali akaandika jibu lake, nalo kwa tahajia yetu, ili nimfuate kwa kidole nikiona amekosea. Akanieleza na adabu ya mtihani. Mwulizaji hacheki wala hasikitiki, na wala hasemi umepata au umekosa. Mtu akishajibu, mwulizaji anasema thenkyu, anakwenda swali la pili. "Hata nikisema nyumba yangu imeungua, babu, wewe ni thenkyu tu." Nikasema hiyo ni kazi nyepesi, naiweza.

Mama anayekaanga mihogo ng'ambo ya njia yeye alipata starehe ya bure. Kila siku: "Haya, Mzungu wa Dunda kavaa miwani yake." Siku nyingine: "Fundi, nami niulize basi. Mimi naishi hapahapa, kazi yangu kukuona wewe ukijidai." Nesi anamwambia, "Bibi, usimcheke mwalimu wangu, akikasirika atanifelisha." Na mimi, nisiwafiche, nilikuwa najidai kweli. Kulikuwa na swali kama amefuga mnyama nyumbani. Jibu lilisema ana paka. Paka hana. Nikamwuliza maana ya uongo huo, akasema ukijibu huna, swali limekufa, na wao wanataka useme. Paka huyo alipewa jina na rangi na tabia ya kulala juu ya friji. Na friji nalo hana.

Sasa nieleze namna nilivyomfundisha, kwa maana hapo ndipo lilipo donda langu. Mimi sijui kufundisha ila kwa njia niliyofundishwa. Watu wa rika langu wa pwani hii tumepita chuo cha Kurani kabla ya shule. Tumeshika juzuu kwa juzuu kichwani bila kujua maana ya neno hata moja, na hakuna aliyeona ajabu. Maana ni ya baadaye, Mungu akipenda. Kwanza herufi. Mwalimu amekaa, wewe unasoma, ukiongeza au ukipunguza kitu anagonga ubao, unarudi mwanzo. Sikio la mtoto wa chuo haliachi kitu, hata lisichokielewa linakishika. Basi nami nikaliweka lile daftari mapajani, nikashika rula yangu ya kupimia, na nesi akitoka nje ya maandishi namgongea meza: rudia. Alinyooka. Baada ya mwezi alikuwa anatiririka, na mimi nimeyashika yote, swali na jibu, hata daftari silifungui tena.

Ilikuwa baada ya mfungo, mtihani wa pili umekaribia. Kulikuwa na swali linalouliza mtu anafanya nini kuilinda afya yake. Jibu lilikuwa fupi, la maji na mboga na kutembea kwenda kazini. Alasiri moja akajibu hivyo, kisha hakunyamaza. Akaendelea. Maneno mengi kidogo, yanatoka polepole, ananitazama machoni, jambo ambalo si desturi yake. Nikagonga meza. "Hayo hayapo." Akasema, "Nimeongeza, babu." "Nani kakwambia uongeze? Rudia." Akarudia, na alipofika palepale akaongeza tena, yaleyale, sawasawa na mwanzo. Nikagonga tena. Kesho yake kadhalika. Siku ya tatu nilikuwa na hasira zangu nyingine, mteja kanisumbua, nikamwambia kwa ukali kwamba mwalimu wangu wa chuo angekwisha kumchapa bakora, na kwamba mtu asiyefuata maandishi ndiye anayeanguka kwa nusu alama. Neno hilo la nusu alama najua lilimwuma. Akainamisha kichwa. Akajibu maji, mboga, kutembea kwenda kazini, akanyamaza. Nikasema thenkyu.

Siku zilezile aliniletea gauni lake la kazini nilipunguze. Sisi mafundi wa kiume huku kwetu mwanamke hatumpimi mwilini. Ataleta nguo ya mfano, au atabana pini mwenyewe ndani kwake, nawe unafuata pini. Nikafuata pini. Majuma machache baadaye akalileta tena, pini zimeingia ndani zaidi. Nikamwambia, "Kitabu kinakumaliza." Akasema, "Kitabu, babu." Nikafuata pini.

Mtihani akaenda. Majibu yalipotoka alikuwa amelazwa Dar, na sisi hapa tumeambiwa ni homa. Akanipigia simu mwenyewe: "Babu, nimepita. Na kuandika nimepita." Nikamwuliza anasafiri lini. Akasema, "Nitakuaga, usiwe na wasiwasi." Hiyo ndiyo mara ya mwisho.

Fukayosi tulimzika watu wengi. Siku ya tatu nikarudi kwenye khitma. Wanaume tumekaa chini ya turubai, chakula kimekwisha liwa, mazungumzo yamelegea kama yanavyolegea siku ya tatu, na watu wanasimulia alivyokuwa msomi. Mmoja akasema, "Fundi huyu ndiye aliyekuwa akimfundisha Kiingereza." Wakacheka, nami nikaona kama wananidharau. Nikawaambia, mnataka ushahidi? Nikaanza: swali, jibu, thenkyu. Swali, jibu, thenkyu. Wakafurahi, mzee mmoja akasema kwa Kiingereza chote hicho ningeomba kazi ubalozini. Nilipofika kwenye afya, sijui kwa nini, labda kuonyesha tu kichwa changu kilivyo kizima, nikasema na yale aliyoyaongeza, yote, kwa mwendo wake aliousema. Wenzangu walikuwa bado wanatabasamu. Binamu ya marehemu, mwalimu wa sekondari, alikuwa ametua kikombe. Akasema, "Babu, hebu tusogee pembeni."

Nyuma ya nyumba akaniuliza nimeyapata wapi. Nikamweleza. Akanitafsiria, na hakuweza kunitazama, kwa kuwa ni mambo ambayo mwanamume kijana hamwambii mzee. Nesi alisema hivi: kuna kitu katika titi langu la kushoto. Nimekigundua tangu mfungo. Mimi ni nesi, najua kinaweza kuwa nini. Naogopa. Nikisha kufanya mtihani nitakwenda kupima. Mama simwambii, maana ataniambia nisiende.

Niambieni, binti wa Fukayosi, mlezi wake mama mcha Mungu, angeanzaje kunitamkia neno titi mimi, mzee wa makamo ya babu yake, kibarazani, mama wa mihogo anasikia? Kwa Kiswahili hatukumwachia mlango. Ukimwuliza hujambo atasema sijambo, u mzima, mzima, hata kama amebeba mauti kifuani, kwa maana ndivyo tulivyomlea: salamu hailetewi maradhi, na ya mwilini hayasemwi mbele ya watu wazima. Kuwa na haya ni kitu kizuri. Nimeishi nayo na nitazikwa nayo. Lakini yeye alikuwa amebakiwa na pazia moja tu la kusemea nyuma yake, nalo ni lugha ya watu, mbele ya mtu mmoja ambaye binti aliamini hataelewa. Au alitumaini atauliza. Hilo la pili ndilo linaloniamsha.

Mwalimu akaniomba, "Mama usimwambie. Itamvunja." Nikakubali, nikaenda mlangoni kuaga. Mama yake alikuwa kwenye mkeka na wanawake wenzake, tasbihi mkononi. Akasema, "Kaka fundi, kaa." Nikakaa kizingitini. "Wewe ulikuwa unakaa naye kila siku. Alijua?"

"Alijua nini, dada?"

"Usinizungushe. Hospitali waliniambia ni ugonjwa wa siku nyingi. Nataka kujua mwanangu alijua tangu lini."

Neno sijui lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikamtazama yule mama, nikaona kwamba akinyimwa hili ataliuliza kila siku mpaka naye afukiwe. Nikasema, "Tangu mfungo."

"Alikwambia?"

"Aliniambia kwa Kiingereza. Sikufahamu. Nikamwambia amekosea, arudie bila hayo."

Mle ndani hakuna aliyeendelea kuhesabu tasbihi. Akauliza, "Hayo maneno unayo?" Nikasema ninayo. "Yaseme." Nikayasema kama nilivyoyasikia, na yeye akasikiliza ameinamisha kichwa, kama mtu anayesomewa yasini. Kisha akasema, "Sasa kwa lugha yetu." Nikamwambia neno kwa neno, na lile neno nikalitamka. Nilipofika kwenye mama simwambii, akafumba macho.

"Ningemwambia kweli asiende," akasema. Halafu: "Na ulipomwambia arudie?"

"Alirudia kama ilivyoandikwa."

"Hakubisha?"

"Hakubisha, dada."

Akatikisa kichwa taratibu. "Mtoto msikivu," akasema. "Tulimfunza vizuri, kaka. Mimi na wewe."

Hakulisema kwa kunilaumu, na laiti angenilaumu. Nimerudi Dunda, ninashona, na kila alasiri saa ile maneno yanakuja yenyewe, mpaka kwenye yale ya ziada, na sasa yakija yanakuja na maana yake. Wasomaji wangu, mkiwa na mtu mbele yenu, mtoto au jirani, akatoka kidogo nje ya majibu mliyoyazoea, msikimbilie kumrudisha kwenye mstari. Mwulizeni anakusudia nini. Mwulizeni hata kama mnaona aibu, hata kama jibu lake litawaaibisha zaidi. Mimi nilipewa jibu mara tano kwa siku tatu, nikalihifadhi lote, herufi kwa herufi, na kitu pekee ambacho sikumfanyia yule binti ni kumwuliza: maana yake nini, mwanangu?