Ng'ombe Aliyepangiwa Kuachwa

Chwaa. Chwaa. Chwaa. Sauti inatoka gizani, kali, maziwa yakipiga bati la ndoo tupu. Taratibu inalainika, inakuwa nzito, na anayesikiliza anajua ndoo imeshika povu.

Ni saa kumi na moja alfajiri. Taa ya banda inapowashwa, anayeonekana kwanza si mkamuaji bali daktari. Amesimama. Mama mwenye banda amemwekea kigoda, lakini kigoda kimekaa peke yake.

"Daktari, keti. Hicho kigoda hakina miba," anasema mama, mikono ikiendelea kukamua.

"Nikiketi nitalala, mama."

"Wewe ulale? Labda ufungwe kamba kama Madoa."

Madoa ni ng'ombe anayesubiri zamu yake. Na daktari, hapa mtaani, huitwa Kiguu na Njia. Ni binti wa miaka ishirini na nane, daktari wa mifugo, na tangu ahitimu chuo miaka minne iliyopita hakuna aliyewahi kumwona akitembea polepole. Robo ya mshahara wake huishia kwenye petroli, maana mafuta anayopewa kazini hayamalizi mwezi. Buti lake la kushoto limezibwa kiraka cha tyubu ya baiskeli.

Leo amezidi. Kabla ya saa kumi jioni anatakiwa kutuma matokeo ya mwisho kwa waamuzi wa tuzo ya utafiti ya madaktari chipukizi wa mifugo. Washindani wamebaki watatu. Mshindi atapata fedha za kufanya utafiti mwaka mzima, pamoja na ruhusa ya kutumia maabara kubwa ambayo daktari wa pikipiki huishia kuiona getini. Masharti hayana mzaha: aliyepitisha miaka mitano tangu ahitimu, haruhusiwi. Yeye amebakiwa na mwaka mmoja.

Tusidanganyane. Vijana wengi wa fani hii huona jambo kwa macho, wakalisahau kwa umaskini. Huyu aliona jambo akakataa kulisahau. Aliona kiwele kikivimba, maziwa yakimwagwa shimoni, na nyumba iliyokuwa ikiuza maziwa ikianza kuyanunua. Dawa ya kuzuia ugonjwa huo, ya kuchovya chuchu baada ya kukamua, ipo dukani, lakini bei yake huwafanya wafugaji waisalimie kwenye rafu na kupita. Ndipo akachanganya yake, ya bei nafuu, ya rangi ya kahawia.

Kuijaribu alichagua mabanda ishirini, kila banda ng'ombe wawili. Kila mfugaji akamwachia chupa ya dawa: mmoja apakwe kila baada ya kukamuliwa, mwenzake aachwe.

"Lazima uwe na wa kumlinganisha naye," anaeleza, akikizunguka kigoda. "Bila huyo, unabaki na maneno matupu."

Katika banda hili, aliyepangiwa kuachwa ni Madoa.

Zamu yake imefika. Daktari anatoa kibao chenye vikombe vinne, kimoja kwa kila chuchu. Anakamua kidogo, anatia dawa ya zambarau ya kupimia, anakitikisa. Maziwa ya mgonjwa yangeganda kama ute wa yai. Haya yanateleza kama maji.

Angefurahi. Badala yake anatafuna mdomo.

"Waliopakwa wazima. Wasiopakwa wazima," anasema. "Wiki ya nne hii. Matokeo yangu yanasema dawa yangu haina kazi."

Anachukua kitambaa cheupe kumfuta Madoa. Kitambaa kinarudi na doa la kahawia.

"Mama. Hii rangi imetoka wapi?"

"Rangi gani?"

"Mama."

"Haya, nimempaka."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ile ulipoondoka na pikipiki yako." Mama anaweka ndoo chini. "Wewe ukiwa na watoto wawili, mmoja umpe dawa, mwenzake umwambie subiri kwanza nikuone kama utaumwa? Madoa huyu ndiye aliyenisomeshea wanangu. Nimtazame tu?"

"Lakini ulikubali!"

"Mdomo ulikubali. Mikono ilikuwa na mambo yake." Kisha, kwa sauti ya chini: "Na usininunie mimi peke yangu. Jirani kapaka. Wifi yake naye kapaka."

Daktari anacheka mara moja, kicheko kisicho na furaha ndani yake. Kabla mama hajainua ndoo, pikipiki imeshanguruma nje.

Hadi adhuhuri anazunguka. Kila lango swali moja, kila lango macho yanayotazama chini. Waliofuata maelekezo ni wachache mno, na mmoja wao ni kwa sababu alimwaga nusu ya chupa.

Ofisini kwake, simu iko kwenye spika. Ni kaka yake.

"Funika kombe mwanaharamu apite! Andika kwamba ulipanga kuwapaka wote toka mwanzo. Nani atawahoji ng'ombe?"

"Mimi nitajua."

"Wewe si uko upande wako? Kuna tatizo gani ukijua?"

Anatembea kutoka friji la chanjo hadi dirishani, kutoka dirishani hadi kwenye friji.

"Kaka, labda dawa inafanya kazi. Labda ni kwamba watu wananawa mikono vizuri kwa sababu mimi napita kila wiki. Sijui! Na kesho mtu ataipaka kwa kuniamini. Kiwele kikioza, hakitakuwa changu wala chako."

"Dada, mwaka umebaki mmoja tu."

"Najua kuhesabu."

Anaandika ukweli wote, anautuma, kisha anampigia katibu wa waamuzi. Anaongea akiwa wima kama askari. Jibu ni la upole na ni fupi: wanamshukuru kwa uaminifu, ila kazi isiyo na ulinganisho hawawezi kuipima. Jina lake linaondolewa. Anakaribishwa mwakani.

"Mwakani kwangu ndio mwisho," anasema, na kukata simu.

Halii. Anaosha kibao cha vikombe vinne, anakikausha, anakiosha tena.

Jioni yuko bandani. Mama anamwona, anasimama na ndoo mkononi.

"Umeshinda, mwanangu?"

"Nimeondolewa."

"Kwa sababu yangu."

"Kwa sababu yangu mimi. Niliwaomba mkae mtazame ng'ombe wenu wakiugua, nikauita huo mpango." Tayari mikono yake inachora hewani. "Sikiliza. Mwakani nusu watapakwa dawa yangu, nusu watapakwa ile ya dukani. Nitakwenda kumwomba mwenye duka, nitamng'ang'ania hadi achoke. Tutalinganisha dawa kwa dawa. Ila mama, huruma ikikushika, nipigie simu kabla hujapaka."

"Nitapiga. Lakini na wewe toa ahadi yako." Mama anaelekeza kidevu kwa Madoa. "Si kwangu. Mpe aliyepangiwa kuachwa. Na useme kwa sauti, yule ni mzito wa kusikia."

Kigoda bado kitupu. Daktari anakivuka, anainama hadi usawa wa sikio la Madoa, na kusema kwa sauti inayofika barabarani:

"Mwakani nitathibitisha, Madoa. Na hakuna atakayeachwa."