Kengele Haikulia Chumba Namba Nne

Ng'aaa. Hiyo ndiyo sauti aliyoondoka nayo shuleni: nondo fupi ikigonga ringi kuukuu ya lori, iliyoning'inizwa kwa mnyororo nje ya ofisi ya mwalimu mkuu. Kwa miaka minne mkono uliogonga ulikuwa wake. Akigonga mara moja, mabweni yanaamka. Mara mbili, madarasa yanajaa. Mara tatu, walimu wanakusanya chaki na kupishana mlangoni, wanafunzi wakiwa wamekaa palepale. Hata mama yake, fundi cherehani, aliishia kumwita Kengele, na jina likamganda.

Chuoni hakukuwa na ringi. Siku ya kwanza karani wa usajili alimwambia bila kuinua macho, "Upimaji ardhi, mwaka wa kwanza, chumba namba nne," akagonga muhuri. Kengele akaenda chumba namba nne, akachagua dawati la mbele karibu na dirisha, akalifuta vumbi kwa leso na kulihesabu kuwa lake. Mwalimu wa hesabu akaja, akafundisha, akaenda. Kisha watu kama arobaini wakabeba mikoba yao wakatoka, na wengine wakaingia. Kengele aliwasindikiza waliotoka kwa jicho la mtu aliyewahi kuandika majina ya watoro. Saa nne asubuhi, wiki ya kwanza, wameshaanza kutoroka. Lakini kazi hiyo haikuwa yake tena. Akafungua daftari jipya.

Mwalimu aliyefuata alichora ubaoni mdudu mwenye miguu minane. Kengele naye akamchora, mguu kwa mguu, na majina ya viungo pembeni. Kesho yake akaja mdudu huyohuyo, ameshiba damu. Hivyo hivyo kwa majuma mawili: asubuhi hesabu, baada ya hapo mifugo. Alijiambia mambo yataungana mbele ya safari. Anayepima shamba hana budi kujua kinachomng'ata humo.

Mama alipiga simu Jumatano jioni, akiwa na pini mdomoni, maneno yakitokea pembeni.

"Wanawalisha?"

"Tunakula, mama."

"Na masomo?"

"Yanaenda. Leo tumemaliza kupe."

Cherehani ikanyamaza.

"Kupe?"

"Ndiyo. Tangu yai mpaka anapokomaa."

Mama alizitoa pini, moja baada ya nyingine. "Mwanangu, mimi shule niliiona kupitia dirishani. Lakini watu hapa niliwaambia unakwenda kupima viwanja, ng'ombe sikumtaja. Kesho kaulize."

"Nimuulize nani?"

"Yeyote mwenye mdomo."

Usiku ule hakulala vizuri. Hakukumbuka mara ya mwisho kuuliza kitu. Shuleni, wengine ndio waliomuuliza yeye: bado dakika ngapi?

Alhamisi, kipindi kilipokwisha, alimfuata mwalimu wa mifugo mezani akamweleza. Mwalimu, mtu mnene mwenye suruali yenye madoa ya dawa, alicheka mpaka akavua miwani.

"Ala! Na mimi nilikuwa nakusifu ofisini, nawaambia: Kila siku mbele, kila siku anaandika. Jina lake tu ndilo silioni kwenye orodha."

"Wapimaji wanasomea wapi, mwalimu?"

"Kila mahali. Huku mwalimu hakufuati, binti, unamfuata wewe. Ratiba iko kwenye ubao wa matangazo, kando ya choo cha wanaume."

Kengele alikuwa amepita njia hiyo kila siku, akitazama chini kwa heshima. Safari hii alisimama akasoma. Mazoezi ya uwanjani: kila Alhamisi, saa nane mchana. Chini yake, kwa wino mwekundu: atakayekosa mara tatu atarudia mwaka. Alhamisi mbili zilikuwa zimekwishapita. Ya tatu ilikuwa hiyohiyo, na saa ilikuwa saba na nusu.

Uwanja ulikuwa nyuma ya karakana, majani yamefyekwa, vigingi vimepangwa. Mwalimu wa upimaji, mama mfupi mwenye kofia pana, alimsikiliza bila kumkatiza.

"Makundi niligawa wiki ya kwanza," akasema. "Kukiwa na watakaokupokea kabla sijaita majina, nitaandika upo. Kama hakuna, basi umekosa. Sina ugomvi na wewe."

Kundi la kwanza lilisema limetimia. La pili halikugeuka. La tatu lilikuwa na watu watatu tu, na mkubwa wao, kijana mrefu waliyemwita Rula, alimtambua kwa kubaki kwake chumba namba nne kila baada ya hesabu.

"Huyu si yule wa kupe? Daktari, wagonjwa umewaacha na nani?"

Wenzake wakacheka. Kengele alihisi vidole vyake vikijikunja vyenyewe, vikitafuta nondo. Pigo moja tu, na hawa wote wangekuwa mstarini. Mkono ulikuwa mtupu.

"Tunakutania," Rula akasema. "Sisi hatukatai mtu, tunakataa mjuaji. Wa nne wetu alikuwa anajua kila kitu. Tulipima ukuta mmoja ukatoa urefu wa aina tatu. Tukamwomba atuachie tuwe wajinga kwa amani."

Nyuma yao mwenye kofia pana alikuwa ameanza kuita majina. Kundi la kwanza, wapo. Kundi la pili, wapo.

Rula akamnyooshea ncha ya futi kamba, yenye pete ya chuma.

"Haya. Sifuri inaanzia wapi hapo, kwenye pete au kwenye mstari?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni, sauti yake kubwa ya zamani ikiwa imelibeba: kwenye pete, nani asiyejua. Akaitazama pete. Akautazama mstari mwekundu, upana wa kiganja kutoka pale.

"Sijui," akasema, kwa sauti ndogo kiasi kwamba Rula aliinama kumsikia. "Nionyesheni."