Niliyemruka Katika Nasaba

Umenambia Mskoti wa ofisini kwako Al Khuwair amelifuatilia jina la ukoo wake mpaka kwa babu wa saba, tawi kwa tawi, nawe sasa wataka nikutajie nasaba yetu. Nitakutajia, mwanangu. Ila kuna siku moja naikumbuka, na laiti ningeweza kuisahau.

Ndio kwanza tumetoka Unguja, tumepanga vyumba viwili Darsait, hapa Maskati. Shekhe wa kabila letu alinitaka nimwandikie watoto wote wa marehemu baba, apate kutushuhudia tupewe pasipoti. Nilikuwa na hati nzuri ya mkono, na kiburi kikubwa kuliko hati.

Niliandika majina manne. Sisi tulikuwa watano. Dada yetu mkubwa, Zuhura, mama yake mtu wa Makunduchi, si Mwarabu. Baba alimwoa ndoa ya halali kabla hajamwoa mama yangu. Lakini vijana wa hapa walikuwa wakikicheka Kiarabu chetu, nikaona nikimtaja na huyo nitazidi kuchekwa. Nikamruka. Wazee walisema mwacha asili ni mtumwa. Mimi nilidhani asili ni ya huku Omani tu.

Shangazi yangu, Bi Salma, aliisoma ile karatasi kabla haijapelekwa.

"Zuhura yu wapi?"

"Mama yake si wa kabila, shangazi."

"Tangu lini kabila likatoka kwa mama? Nasaba kwa baba, na wewe wajua. Sema unamwonea haya dada yako, usilisingizie kabila."

Nikamwambia nitaandika upya. Sikuandika. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na guu lililovunjika halikuwa langu.

Mwaka wa pili Zuhura akaja na mwanawe, akenda kwa shekhe kuomba ushahidi. Jina halimo. Nikaitwa. Aliponiona aliinuka, anacheka kwa furaha. Shekhe akaniuliza, "Huyu dada yako?" Watu walikuwa wengi barazani, wote wananitazama. Nikasema simjui.

Zuhura hakunitukana. "Haya, nshasikia," alisema, akamshika mwanawe mkono, wakarudi Unguja.

Miaka ikapita ndipo nikapata moyo wa kwenda kukiri. Shekhe alinisikiliza mpaka mwisho. "Bi Salma keshakufa," akanambia. "Katika wakubwa, shahidi umebaki wewe, na wewe ulishasema humjui. Nishike neno lipi?"

Zuhura alipofariki nilikwenda Unguja kuhani msiba. Mwanawe alinipokea kwa adabu, akanipa kiti, akaniita mzee. Mimi ni mjomba wake, mwanangu.

Basi andika, na uanze na Zuhura. Mtu wa damu yako mtaje mbele ya hao hao wanaomdharau, siku hiyo hiyo, maana mashahidi hufa na aibu yako huibeba wengine. Mwenyezi Mungu akupe ulimi wa kusema kweli mbele za watu, akuzidishie ndugu, na asikukalishe katika kiti kama kile nilichopewa mimi.