Malineo na Vidonge vya Baba Mkwe

Rantsoeu alichimba dhahabu miaka ishirini na sita, akarudi kwenye milima ya Lesotho na kifua kibovu. Kikohozi kilipozidi, mkewe Mamokete alimpandisha farasi akampeleka zahanati. Makohozi ya asubuhi yakawekwa mashineni, na jibu likatoka siku hiyohiyo: kifua kikuu. Miezi sita ya vidonge, kila siku, na mtu wa kumtazama akimeza.

Mtazamaji akawa Mamokete.

"Panua kinywa, mzee. Inua ulimi. Usinifiche kidonge."

Mkojo ulipogeuka mwekundu, mzee akashtuka. Mkewe akacheka. "Ni dawa hiyo! Muuguzi alisema, wewe ulikuwa unamwangalia farasi."

Mwezi wa tatu wa dawa, Mamokete alianguka akipepeta mtama. Hakuinuka tena.

Nyumbani wakabaki na mzee Malineo, mke wa mwanawe, na bintiye mdogo, Lineo. Mume wa Malineo alikuwa machimboni. Kwa Basotho, mkazamwana hatamki jina la baba mkwe, na baba mkwe hampanulii kinywa mkazamwana. Basi Malineo akawa anaacha vidonge na maji mlangoni, anaondoka. Rantsoeu anavisukuma chini ya godoro. Apone ili iweje?

Siku ya tisa Malineo alitoa mablanketi ya mzee ayaanike, akavikuta vidonge. Alitandika farasi akaenda kumuuliza muuguzi. Aliporudi alisimama mlangoni, mgongo kwa mzee.

"Baba, kikohozi kimerudi, nakisikia. Muuguzi anasema ukiacha tena, ugonjwa utaizoea dawa. Utaanza upya, kwa dawa nzito zaidi. Na Lineo analala humu humu."

"Niache, mwanangu. Mimi nilishakwenda na mwenzangu."

"Aliyekwenda ni mmoja. Wewe jana ulimaliza sufuria ya uji."

Mzee akatazama dirishani. Mjukuu alikuwa nje, anakimbiza kuku.

"Na nani atanitazama?"

"Mimi."

"Ni mwiko."

"Najua, Baba. Ndiyo maana naongea na ukuta."

Siku iliyofuata Rantsoeu alichinja kondoo wa kuondoa mwiko, akamwita dada yake mkubwa ashuhudie. Dada akala nyama, akafuta vidole.

"Kumheshimu mtu siyo kumwacha afe. Mpanulie, Rantsoeu. Hata meno huna, unamficha nini?"

Asubuhi mzee alimeza, akapanua kinywa. Malineo aliinamisha macho, kisha akayainua.

"Kimoja kiko shavuni, Baba."

Mzee akacheka hadi maji yakamwagika. Tangu mazishi, hakuwa amecheka.

Muuguzi aliongeza siku zilizorukwa. Makohozi ya mwisho yalipopimwa hayakuwa na kitu.

Jioni hiyo Rantsoeu alimpigia mwanawe simu machimboni.

"Nimepona. Mkeo alinitazama kila asubuhi, hakuchoka, hakunidharau. Ukirudi, mletee blanketi zuri la heshima. Siyo la bibi harusi, la mama mwenye nyumba. Na wewe nenda kapimwe kifua."