Maji Yaliyochemshwa Mpaka Nusu

Kwetu Kamere, kando ya ziwa, ukitaka kumjua mzaliwa wa hapa, mchekeshe. Atacheka akiwa ameziba mdomo kwa kiganja. Maji ya kisima chetu yana madini yanayoharibu meno, na yangu yamekuwa ya kahawia tangu nipate akili. Hata picha za harusi yangu nilipigwa nimefunga mdomo, utadhani nilikuwa nazika mtu.

Mama alipojifungua kitinda mimba, mimi nikiwa mtu mzima tayari, aliapa kwamba huyu hatacheka kwa kujificha. Akaanza kuchemsha maji. Si kuchemsha kwa kawaida. Aliyaacha motoni mpaka yabaki nusu sufuria, akiamini uchafu wote unaondoka na mvuke. Makaa yaliisha, baba akanung'unika, yeye hakujali. Na kweli, meno ya utoto ya mdogo wangu yakaota meupe pe. Mama akavimba kichwa. Kanisani alikuwa akimsukuma mbele awachekee watu.

Jino la kwanza lilipong'oka tulilirusha juu ya bati tukiomba jipya, kama kawaida yetu. Jipya likaja na madoa, kama chaki iliyoshikwa na mikono michafu. La pili likafuata vivyo hivyo, na baadaye yote mawili yakageuka kahawia. Mama alimfungua mdomo, akatazama, akaenda kufua nguo. Mimi nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani.

Nikampeleka Nakuru kwa daktari wa meno. Mdogo wangu alienda na swali lake. Sungura wetu alikuwa amevunja jino la mbele kwenye waya wa kizimba na likakua tena. Kwa nini lake lisikue?

Daktari alimjibu kama anayemjibu mtu mzima, nikampenda kwa hilo. Sungura, alisema, ana seli shina kwenye mzizi wa jino la mbele, nazo hulitengeneza jino hilo maisha yake yote. Kwa binadamu, seli zinazotengeneza lile gamba gumu la nje hufanya kazi ndani ya ufizi mtoto akiwa bado mdogo sana. Jino likitokeza, hizo zimekwisha kufa.

"Na mtu hawezi wekewa hizo za sungura?"

"Kuna watu wanajaribu kukuza meno huko maabara. Lakini sitaki kukudanganya. Si leo, si kesho." Akanigeukia. "Huyu alikuwa anakunywa maji gani?"

"Ya kisima cha borehole, daktari. Lakini tunachemsha sana, mpaka inabaki nusu."

Akaweka kalamu chini. "Maji ndiyo inaenda na mvuke. Madini yote inabaki kwa sufuria. Hapo mlikuwa mnampea mara mbili."

Tukarudi nyumbani. Tulimkuta mama jikoni, mwanangu wa mwaka mmoja akiwa mgongoni mwake.

"Daktari amesema nini?"

Mdogo wangu akaniwahi kujibu. "Amesema ni damu yetu tu, Mum. Hakuna mwenye alikosea."

Mama alishusha pumzi ndefu. Sikuwa nimemwona amepumua hivyo kwa muda mrefu. Kisha akachukua sufuria ya maji yaliyokwisha poa, akaanza kuyamimina kwenye chupa ya mwanangu, ambaye alikuwa na vijino vinne tu, vyeupe. Nilitamani kwa moyo wangu wote uongo ule ubaki hapo ulipo. Lakini meno yake ya ukubwani yalikuwa yakitengenezwa wakati uleule, ndani ya ufizi, mahali ambapo hakuna anayeona.

Nikamshika mama mkono, nikaichukua ile chupa, nikayamwaga maji uani.

Mama aliitazama chupa tupu, kisha ile sufuria. Halafu akamtazama mdogo wangu, ambaye aliziba mdomo kwa kiganja.