Niliruka Kabla ya Ndege

Mujue kwanza kwamba aibu ya jambo hili bado ninayo, hata nikicheka, na pale Kalemie kuna watu mpaka leo wakiniona sokoni wanatandaza mikono kama mabawa na kuunguruma, kwa hiyo afadhali niwaeleze miye mwenyewe kuliko musikie kwa wenye kuongeza chumvi.

Miaka ile ya Zaïre nilikuwa mwalimu wa hesabu, na ugonjwa wangu ulikuwa ndege. Kila Jumamosi miye na Selemani, rafiki yangu fundi wa redio, tulipanda baiskeli mpaka plene (njo hivyo tulivyouita uwanja wa ndege), tunakaa kwenye majani na kubishana: hii ya injini ine, ile ya mbili, hii inataka uwanja murefu, ile inashuka hata penye udongo. Tulizijua kwa mulio tu, macho tumefumba. Na abiria tuliwacheka sana (Mungu anisamehe), wale wenye kuuliza kama dirisha linafunguka kupata upepo, wale wenye kuamini hewani kuna mashimo kama ya barabara ya kwenda Bendera. Jambo moja tu hatukulisema kwa sauti: kati yetu hakuna aliyekuwa amekwisha kupanda ndege hata siku moja.

Basi dada yangu akawa anaolewa Lubumbashi, na wajomba wakakata shauri kwamba miye njo nitasimama pa nafasi ya baba yetu marehemu, na kwa treni ya kupitia Kabalo ningefika arusi imekwisha, nikapewa tikiti ya ndege. Nikavaa abakosti mupya ya rangi ya majivu (ile suti ya Zaïre isiyovaliwa na tai), viatu vinawaka. Pale plene mama mumoja wa Mpala, Mama Feza, aliyekuwa anaenda kumuona binti yake aliyejifungua, akaniangalia kutoka juu mpaka chini.

"Papa, weye ni muntu wa mambo ya ndege?"

Ningejibu hapana. Neno moja tu! Nikajibu, "Ndiyo, mama, ndege njo mambo yangu."

Ndani akakaa kando yangu, miye nikiwa upande wa lile dirisha la kutokea wakati wa hatari. "Na injini ikizimika," akauliza, "hatuanguke kama jiwe?"

"Hapana, mama. Inateleza polepole kama mwewe."

Wa mbele akageuka, wa nyuma akainama kusikiliza, na miye sauti ikazidi kupanda, nikawaeleza mabawa yanavyopinda bila kuvunjika, matairi yanavyoingia tumboni, mpaka nikafika pa kusema (nasikia aibu kulirudilia), "Mukisikia mulio wowote, muniangalie miye. Mukiona nimetulia, na ninyi mutulie."

Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, joto linabana. Injini zikawaka, ndege bado imesimama. Mara juu ya vichwa vyetu, kwenye matundu ya hewa, moshi ukaanza kushuka, mweupe, muzito. Maarifa yangu ya Jumamosi zote yakakimbia, sijui yalienda wapi. Nikasikia muntu analia, "Moto! Moto! Tunaungua!" na nikaelewa kwamba ni miye.

Nikavuta mukono wa lile dirisha, likatoka zima, nikatumbukiza miguu nje, suruali ikanasa pa chuma na kupasuka toka kiuno mpaka goti, nikaanguka chini, nikapiga mbio kwenye majani bila kugeuka. Mama Feza, niliyemwambia asiogope, nilimuacha pale pale.

Nilipogeuka nikaona injini zinazimwa, na hakuna hata mumoja aliyenifuata. Hostesi, binti wa kuhudumia abiria, alikuwa amewatuliza wote. Kwenye kila dirisha kuna uso, na kila uso unaniangalia miye. Selemani, aliyekuja kunisindikiza, akaita kutoka kando ya baiskeli yake: "Mwalimu! Ndege haijaruka, weye umekwisha kuruka?"

Rubani akashuka, muntu munene, mupole, akaniita mwananchi kwa Kifaransa, kama desturi ya wakati ule. "Citoyen, siku ya joto ukifungua friji, unaona nini?"

"Moshi wa baridi."

"Na friji inaungua?"

"Hapana, kapiteni."

"Ile njo hewa ya baridi inayokutana na joto. Sasa, muntu kama weye siwezi kumubeba. Kule juu utafungua nini?"

Nikamwambia habari ya arusi, ya baba yetu, nikamusihi, maana niliona dada yangu anasimama pale bila muntu wa kumutoa. Rubani akatikisa kichwa. Njo Mama Feza akatokea mulangoni: "Kapiteni, umulete! Akae mbali na dirisha. Nitamushika miye."

Fundi wa ndege alitumia karibu saa nzima kurudisha dirisha, na miye nikapanda wa mwisho, ninatembea upandeupande kama kaa sababu ya suruali. Mama Feza akafungua kitenge chake cha juu, kile chenye kasuku wa kijani, akanifunga kiunoni mbele ya watu wote. Halafu akanishika mukono, na hakuuachilia. Kule hewani kitu kikalia chini yetu, gudu.

"Papa, ile ni nini?"

"Sijui, mama."

"Aa," akasema. "Sasa nakuamini."

Na hivyo njo nilivyoshuka Lubumbashi, abakosti juu, kasuku chini, wakwe wamejipanga mustari wanamungojea baba wa bibi arusi. Tokea siku ile nimepanda ndege mara nyingi. Nikikaa tu, nafunga mukanda, nafunga na kinywa.