Mke Kapimwa, Mume Kapona

Jumanne nilikuwa kwenye benchi la hospitali moja hapa Shinyanga, mwanamke alipotoka chumba cha ushauri na karatasi ya majibu. Mumewe, mchimbaji aliyerudi jana yake kutoka machimbo ya Geita baada ya miezi kumi, aliinyakua, akaisoma kwa sauti: hana virusi vya UKIMWI. Akaitia mfukoni mwa shati lake.

"Na wewe baba, kunja mkono wa shati nikutoe damu," alisema muuguzi.

"Ya nini tena? Mimi na mama watoto ni mwili mmoja. Yeye mzima, mimi mzima."

"Huko Geita mwili huo ulilala peke yake?"

Mume alicheka, akafunga vifungo vya mikono ya shati, kimoja kimoja.

Nimesoma chuo kikuu, sikufundishwa kwamba damu ya mke aliyebaki nyumbani kijijini Didia huonyesha alikolala mume. Wanaume wetu wamegundua hilo bila maabara.

Mkewe aliichomoa karatasi, akaifunga kwenye pindo la kanga.

"Baba watoto, leo nalala kwa mama. Mwili wangu umepimwa. Ukishapima wako, utanikuta huko."

Hapo mwili mmoja ukageuka miili miwili, na wa mume ukabaki ukiitazama sindano.